Frida wawili, damu moja

Nimepotea kidogo, hizi testi si mchezo. Leo siandiki habari za boom wala foleni ya kafeteria. Nina mchoro mmoja umenikaa kichwani tangu tuonyeshwe darasani.

Unaitwa Las dos Fridas, yaani Frida Wawili. Aliuchora Frida Kahlo wa Meksiko mwaka 1939. Mkubwa jamani, karibu mita 1.73 kila upande, na sisi tunaukodolea macho kwenye kioo cha simu! Wanawake wawili, sura ile ile, wamekaa kwenye benchi wameshikana mikono, nyuma yao mawingu mazito. Mmoja kavaa gauni jeupe la Kizungu, mwingine mavazi ya wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Meksiko. Mioyo yao iko nje, mshipa mmoja wa damu unaiunganisha.

Wengi wanasema ni habari ya ndoa, maana mwaka huo huo alitalikiana na Diego Rivera. Sawa, na huyo wa Tehuantepec kweli kashika kipicha cha Diego akiwa mtoto. Ila mimi siishii hapo. Baba yake Frida alizaliwa Ujerumani, mama yake alikuwa Mmeksiko. Halafu mwenyewe aliandika kwenye shajara yake kwamba chanzo cha mchoro ni rafiki wa kufikirika aliyekuwa naye akiwa na miaka kama sita. Umri huo ndio polio ilimshika, ikamwachia mguu mmoja mwembamba. Huyo rafiki alikuwa mwepesi, anacheka, anacheza dansi. (Watu wa saikolojia ya elimu, mpo?) Kumbe mtu ana miaka 32 na bado anamhitaji yule wa pili.

Hapo ndipo uliponishika. Chuoni mimi ni wa jinzi na kuwasilisha mada kwa Kiingereza. Kule TP wanafunzi waliniita Madam. Nyumbani Bukoba nafunga kanga, naongea Kihaya na bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi dukani. Likizo iliyopita kila sentensi nikawa natafuta neno. Bibi akanicheka, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikoniuma.

Sasa tazama tena. Mshipa unaanzia kwenye kile kipicha, unapita moyo wa Frida wa Tehuantepec, unaenda kwa mwenzake, na huko umekatika. Wa gauni jeupe kashika kibanio cha madaktari, lakini damu bado inadondokea gauni. Mwenzangu wa chumbani anasema huyo ndiye aliyeukata. Mimi naona anajaribu kuizuia. Tumebishana mpaka umeme ukakatika, haha.

Siku hizi nampigia bibi kila Jumapili jioni, Kihaya tu, hata nikigugumia. Vocha inaisha haraka maana ananisahihisha neno kwa neno. Nyie mnaotoka mbali, mkipigiwa simu na nyumbani pale koridoni mnajibu kwa lugha gani?