Rangi Isiyokuwapo: Tafakuri kuhusu Istilahi Moja ya Kemia

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wa uzamili katika kemia aliniletea ikisiri ya tasnifu yake ili niihakiki kwa upande wa Kiswahili. Alikuwa ameandika "utenganishaji kwa elektrokromatografia ya kapilari". Bila ya kumwuliza lolote, niliyafuta maneno hayo kwa wino mwekundu na kuandika "uchujaji wa rangi kwa umeme". Nilijiona nimekikinga Kiswahili na mkopo usio wa lazima. Tasnifu ikawasilishwa hivyo, na katika utetezi akaulizwa rangi hizo zi wapi. Msimamizi wake ndiye aliyenieleza kwamba alinyamaza kwa kunistahi.

Hoja yangu ilikuwa ya kietimolojia. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alilitumia neno kromatografia katika makala zake za mwaka 1906, akiunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Alipitisha dondoo la majani katika mrija wa kioo uliojazwa unga wa chaki, na rangi zilizomo zikajipanga tabaka kwa tabaka. Kwake yeye, jina lilisadifu.

Nilikwenda maabara kuomba radhi. Mwanafunzi yule alinionyesha mrija wa silika ambao uwazi wake wa ndani ni mikromita 100 tu, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Ndani yake zimeshindiliwa chembe zenye kipenyo cha mikromita 3. Kimiminika hakisukumwi kwa pampu. Silika huwa na chaji hasi, na ioni chanya hukusanyika kando yake. Umeme wa maelfu ya volti unapowashwa, ioni hizo huelekea kwenye elektrodi hasi na kukikokota kimiminika chote. Kampaundi zilizomo husafiri nacho. Ile inayozing'ang'ania chembe huchelewa, isiyozing'ang'ania hutangulia, na yenye chaji huathiriwa pia na umeme wenyewe. Mwishoni kila moja hutambuliwa inapopita, aghalabu kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho la mtu haliioni.

Basi istilahi yangu ilikosea mara mbili. Rangi hazikuwapo. Wala uchujaji haukuwapo, kwani chujio huzuia kimoja na kupitisha kingine, ilhali humu vyote hupita, vikitofautiana kwa wakati tu. Kinyume chake, neno alilolichagua mwanafunzi lilistahili kila silabi yake: katika tenganisha mna kiambishi -an- cha kutendana na -ish- cha kusababisha, yaani kuvifanya vitu viachane. Ndilo hasa linalotendeka mrijani.

Kutokana na mkasa huu naona kwamba neno la mkopo ambalo asili yake imekwisha kusahauliwa halina madhara, mradi vitenzi vinavyolizunguka vieleze kwa usahihi jinsi jambo linavyotendeka. Vitenzi hivyo Kiswahili kinavyo tele. Lakini mwanaisimu hawezi kuvichagua kabla ya kuonyeshwa kifaa na mwenye kukitumia. Siku hizi sishiki kalamu kabla ya kuomba nionyeshwe. Hata hivyo, ikisiri ile ingali maktabani, na kosa langu limo humo chini ya jina la mtu mwingine.