Dirisha la Nguvumali na Ukumbi wa Bilbao

Katika makumbusho ya Guggenheim mjini Bilbao, Hispania, kuna ukumbi wa urefu wa takriban mita 130 uliojaa chuma kitupu. Ni kazi nane za Mmarekani Richard Serra, zilizokamilika kuwekwa humo mwaka 2005, uzito wake zaidi ya tani 1,000. Hazina kichwa wala mkono. Ni mabamba marefu kuliko mtu, yaliyokunjwa kuwa duara, yai na wimbi. Ukipita katikati yake, ukuta mmoja hukuinamia na mwingine hukukimbia, na hatua zako ndizo zinazokufunulia umbo. Bilbao ni mji ulioishi kwa chuma na meli. Tanuri za Altos Hornos de Vizcaya zilizimwa mwaka 1996, na mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa kando ya mto uleule wa meli. Ukumbi wenyewe ulipewa jina la kampuni ya chuma.

Tanga nayo ni mji wa chuma. Reli ilianza kujengwa hapo mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na baada ya uhuru mji ukapata kiwanda cha umma cha kutengeneza nondo. Ujuzi wa chuma sasa uko mikononi mwa mafundi wa kuchomelea, na kazi zao zimetanda mitaani. Tazama madirisha na mageti ya kata ya Nguvumali: pembetatu zilizopandana, nusu duara, miale ya jua linalochomoza. Fundi huchora kwa chaki sakafuni, hupima, hukata, huchomelea. Nafasi kati ya nondo na nondo lazima imzuie mwizi na bado ipitishe upepo wa bahari, na ndani ya sharti hilo gumu fundi bado anatafuta mlingano unaopendeza macho. Mimi naiita sanaa, tena bila kusitasita.

Wapo watakaosema maumbo yasiyo na sura ni mambo ya Wazungu. Naona kinyume chake. Pwani yetu imepamba kwa mistari na maumbo kwa karne nyingi: milango ya kuchongwa yenye minyororo na maua yaliyogeuzwa kuwa hesabu, mikeka ya ukili ambayo msusi huhesabu miyaa ili rangi zikutane pembeni. Ni duka la watalii lililotuzoesha kudhani kwamba sanaa ya Kiafrika lazima iwe na uso au iwe tembo. Mkazi wa Tanga aliyekulia juu ya mkeka hahitaji somo ili akielewe chuma kilichokunjwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dirisha ni kazi, si sanaa. Lakini mabamba ya Bilbao nayo yalikunjwa kiwandani, Ujerumani, kwa mashine na mikono ya wafanyakazi wa viwanda. Tofauti ni kwamba mtu aliwaagiza umbo ambalo halikulazimika kuziba tundu la ukuta. Fundi wetu hajawahi kupata oda ya namna hiyo, na kuyabandika madirisha yake ukutani kama vitu vya kale hakutoshi. Apewe chuma, malipo na ukumbi hapa Tanga, aambiwe hakuna mwizi wa kumzuia. Kuhusu gharama za ukumbi huo, sidai jengo la Guggenheim. Ghala moja lenye paa refu na sakafu imara linatosha kuanzia.

Na paa ni la lazima. Chuma cha Serra ni cha aina inayojivika kutu na kutulia, lakini hewa ya chumvi haikiachi kitulie. Kingeachwa wazi ufukweni kwetu kingeendelea kulika. Fundi wa Tanga analijua hilo, ndiyo maana hupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya rangi nyingine yoyote. Kwenye ukumbi wetu ningependa rangi hiyo nyekundu ibaki hivyohivyo, bila kufunikwa.