Kabari, Kamba na Maneno Yaliyochelewa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, aliielewa methali hii akiwa likizoni, ufukweni Sena.

Alimwamkia mzee mmoja mvuvi, mgeni wa babake kutoka Ukerewe. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Mzee akamwuliza, "Mwanangu, huko chuoni unasomea nini hasa?"

Kijana akaanza kueleza habari za zege lenye mkazo wa awali, litumiwalo katika madaraja marefu kama lile la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 hivi, lililofunguliwa mkoani Mwanza mwezi Juni 2025. Sentensi ya tatu haikufika mwisho. Istilahi zote alizokuwa nazo zilikuwa za Kiingereza. Akanyamaza kwa haya.

Mzee alikuwa akifunga mashua. Alivuta kamba ikakaza, akapiga fundo, akaachia. Fundo likajibana, kamba ikalegea kidogo. "Kamba fupi kama hii naivuta kupita kiasi," alisema, "maana fundo litaimeza. Ile ndefu haijali."

Hapo kijana akapata pa kuanzia. Waya wa feleji huvutwa kwa jeki, kisha hushikwa na kabari penye nanga. Jeki inapoachia, kabari huzama, waya hurudi milimita chache, na sehemu ya mkazo hupotea. Ili kukadiria hasara hiyo, mtelezo hugawanywa kwa urefu wa waya, kisha jawabu huzidishwa kwa kipimo cha unyumbufu wa feleji, yaani takribani nyutoni 195,000 kwa milimita mraba. Mtelezo wa milimita 6 katika waya wa mita 30 hupoteza nyutoni 39 kwa kila milimita mraba. Katika waya wa mita 10, mtelezo uleule hupoteza 117. Hesabu hii ni ya waya ulionyooka, usiosuguana na kitu. Penye msuguano, hasara hujikusanya karibu na nanga. Asiyeihesabu huliacha zege na mkazo pungufu, na nyufa hubisha hodi.

"Kumbe mnasomea mafundo," mzee akasema, akiitikia kwa kichwa.

Nanga, kabari na mtelezo ni maneno yaliyokuwamo katika Kiswahili tangu zamani. Wasomi ndio waliochelewa kuyapeleka darasani.