Barafu kwenye dashibodi

Nimekuwa kimya kwa sababu ya aibu. Wiki iliyopita nilimtesa mama yangu kwa joto, na kisa ni kujifanya fundi.

Nina Corolla ya mwaka 1996. AC yake ni ya kizamani: ukiwasha mnatetemeka, ukizima mnaloa jasho. Mama ana presha, joto linamchosha upesi, na baridi nayo inamuumiza magoti. Nikasema nitatengeneza AC inayojiongoza yenyewe.

Kariakoo nikanunua Arduino, yaani kompyuta ndogo kama kadi, sensa ya joto na rilei. Mwanzo niliipa namba moja tu, nyuzi 25. Kompresa ikawa inawaka na kuzima kama taa za disko! Nikaweka mwanya: iwake kwenye 26, izime ikishuka hadi 23. Ikatulia. Nikajiona injinia.

Basi, nikampakia mama kwenda kliniki. Barabara ya Mandela, saa saba mchana, foleni haisogei. Baada ya nusu saa hewa ikaanza kupungua, mwisho ikakata kabisa, wakati feni inanguruma. Nikashusha vioo. Mama kimya, anajipepea kwa kadi ya kliniki.

Fundi wa AC mtaani kwetu aliangalia nyaya zangu akacheka. Kumbe kwa kuunganisha rilei moja kwa moja kwenye kompresa, niliiruka sensa ya kiwandani inayoizima kabla evapareta haijaganda. Kwa jua lile gari halikufika 23, hivyo kompresa haikupumzika. Unyevunyevu wa Dar ukageuka barafu na kuziba njia ya hewa. Niliiruka pia swichi inayolinda presha ya gesi. Hapo ningeweza kuua kompresa nzima.

Gazetini siandiki habari bila kuuliza upande wa pili. Kwenye gari langu sikuuliza mtu. Niliona mfumo wa zamani ni mjinga, kumbe ulikuwa unajua jambo nisilolijua.

Sasa rilei yangu iko kwenye waya wa swichi ya AC tu. Inaomba, sensa ya zamani ndiyo inayoruhusu.

Jana mama alipanda tena. Akagusa hewa kwa kiganja, akauliza, "Mwanangu, kazi ya gazeti bado unayo?"

Ninayo, mama. Tuonane wiki ijayo.