Magari Yanayokula Oili

Karatu iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukishapita lango la Loduare hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro umepanda mita 700 nyingine au zaidi. Sijui kipimo kizuri cha injini kuliko mlima huo. Karibu maisha yangu yote ya kazi yamepita kando ya barabara hiyo, na hadi leo nikisikia gari likivuta kutoka upande wa Rhotia, macho yanatangulia kwenye bomba la moshi kabla sijamwangalia dereva ni nani. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi au hewa iliyopungua. Mweupe wa asubuhi ya Julai hauna neno, injini ina baridi. Wa buluu ni oili inayoungua.

Niliingia kazini kama utingo wa lori la mazao mwanzoni mwa miaka ya 1990, barabara ya Makuyuni ikiwa bado ya udongo, na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu wakati wa masika ilikuwa shughuli ya kutwa. Tulishusha Arusha ngano na mahindi ya Mbulumbulu na Oldeani, tukarudi na saruji, sabuni na oili. Oili yenyewe ilikuwa ya aina moja, arobaini kavu, iliyokuja kwa pipa na kuuzwa kwa kupimiwa kwenye kopo, duka lile lile la mafuta ya taa. Hakuna aliyeuliza oili gani. Uliuliza kama ipo.

Fundi aliyenifundisha tulimwita Babu, ingawa hakuwa mzee kihivyo. Dawa yake ya gari linalokula oili ilikuwa kuongeza uzito. Land Rover likimaliza arobaini, alilipa hamsini. Likimaliza hamsini, alichanganya na dawa ya kopo inayovutika kama asali, na mwenye gari akaondoka ameridhika kwa sababu moshi umepungua. Sitamcheka Babu. Oili nzito kweli hupenya polepole zaidi kwenye nafasi iliyolika kati ya ringi na silinda, na kwa magari ya wakati ule, yaliyoundwa kwa oili za namna hiyo, alikuwa anampunguzia maskini gharama hadi avune. Ila Babu hakuwahi kumuuliza mwenye gari lolote zaidi ya jina la oili aliyoweka mara ya mwisho.

Lami ilipotufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ilibadilika. Makampuni ya utalii yaliongezeka, nami nikaajiriwa na moja kama dereva anayejua kushika spana. Ndipo nilipokutana na injini iliyonifundisha karibu yote ninayoyajua: 1HZ ya Toyota, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, inayotumika kwenye Land Cruiser tangu 1990. Inabeba zaidi ya lita tisa za oili. Ina uvumilivu wa punda, na uvumilivu huo ndio unaodanganya watu, kwa kuwa itaendelea kuvuta wageni sita na mizigo yao hata ikiwa inakunywa lita moja kila ikienda Serengeti na kurudi.

Baridi ndiyo iliyoniachisha arobaini kavu. Miezi ya Juni hadi Agosti, gari likilala kambi ya Simba A pale ukingoni, alfajiri linakuta kama nyuzi tano hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Ukiwasha, taa ya oili inachelewa kuzima, na huko juu ya injini vyuma vinagongana vikisubiri kulainishwa. Kwenye dumu la 15W-40, tarakimu iliyo mbele ya W ni ya tabia ya oili kwenye baridi. Ya pili ni ya unene wake ikifika joto la nyuzi 100. Chama cha wahandisi cha Marekani, SAE, kilianza kupanga madaraja hayo mwaka 1911. Zikiwa za moto, 15W-40 na arobaini kavu ziko daraja moja, hivyo anayeogopa kwamba 15W-40 ni “maji” anaogopa bure. Zinaachana saa kumi na moja alfajiri, na kwa gari linalolala Ngorongoro saa hiyo ina uzito kuliko adhuhuri. Ushauri mwingi wa oili tunaoletewa unatoka Dar es Salaam, mahali ambapo injini haijui baridi ni nini.

Vumbi nalo lina habari zake. Kutoka Malanja kushuka Olduvai hadi Naabi, barabara ni mawimbi matupu, na udongo wa tambarare zile ni majivu ya volkano yaliyotua kwa maelfu ya miaka. Ni laini kama unga na yanasaga chuma. Magari yanafuatana, la nyuma linavuta hewa iliyotimuliwa na la mbele. Kila nilipopewa Land Cruiser linalokula oili, kabla ya kugusa oili nilifungua nyumba ya filta ya hewa na kupitisha kidole ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye injini, upande ule ambao filta imeshapita. Kidole kikitoka na vumbi, mgonjwa ameshajieleza: filta haikukaa sawasawa, au mpira umepasuka mahali pasipoonekana, au kuna mtu aliipiga filta kwa upepo wa kompresa hadi karatasi ikatoboka. Silinda inalika sehemu ya juu, ringi zinalegea, na hakuna oili duniani itakayorudisha chuma kilichokwisha kusagwa. Ukiziba mpira unaokoa kilichobaki. Ukiacha mpira wazi na kuweka oili ya bei mbaya, unalainisha mchanga.

Nimeona pia magari yanayodaiwa kula oili kumbe yanalishwa kupita kiasi. Hoteli nyingi za ukingoni zimejengwa kwenye mteremko, na maegesho yake ni hivyo hivyo. Dereva anaamka, anachomoa kijiti, gari limeinama mbele au nyuma, kijiti kinasema pungufu, naye anaongeza lita. Kesho tena. Oili ikizidi, kombo la injini linaipiga mpaka inatoka povu, mvuke wake unapitia kwenye bomba la kupumulia na kurudi kwenye hewa inayoingia, kisha unaungua, na moshi wa buluu unamthibitishia dereva kwamba alikuwa sahihi kuongeza. Kwa hiyo madereva wangu nilikuwa nawaambia wapime wakifika Karatu, pale petroli stesheni kwenye sakafu tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika kumi, na waandike kwenye daftari la gari pamoja na kilomita. Walinung'unika. Mmoja aliniambia, “Fundi, mimi ni dereva, si karani.” Lakini ni daftari hilo linalokwambia kama gari ni la kutibiwa au la kuvumiliwa. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinahesabu hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado inakubalika, na wenye magari wengi waliokuja kwangu wakilia hawakuwa wamefika hata nusu ya hapo.

Nilipoacha ajira na kufungua gereji yangu, wateja waligeuka. Sasa zilikuja Noah za petroli zinazobeba abiria Karatu na Mto wa Mbu, na injini ya petroli ina lugha tofauti. Alikuja mama mmoja mwenye Noah mbili, mfanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola, akaanza kwa ile nisiyoichoka kuisikia.

“Shikamoo fundi. Gari inakunywa oili kuliko petroli. Niambie niweke ipi.”

“Marahaba mama. Inatoa moshi saa ngapi?”

Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza umri wake. Tukamwita dereva. Akasema asubuhi akiwasha unatoka kidogo kisha unakata, mchana hakuna, ila akishuka ukuta wa Mto wa Mbu na gia ya pili, mguu nje ya mafuta, akifika chini akikanyaga tu, wingu linawafunika wauza ndizi. Hapo ringi hazina kosa. Petroli ikishuka mlima hivyo inavuta pumzi kwa nguvu na pa kuvutia pamezibwa, basi inanyonya oili kupitia kwenye vali zilizo na sili za mpira zilizokauka. Ringi zilizokufa zingetoa moshi ikipanda na mzigo. Vali sili zinabadilishwa bila kufungua silinda hedi: unaingiza kamba kwenye tundu la plagi, unazungusha injini hadi pistoni iibane kamba dhidi ya vali zisidondoke, unatoa springi, unavisha sili mpya. Noah ya pili ilikuwa na moshi wa kupanda. Hiyo tuliipa 15W-40 badala ya ile nyepesi ya 5W-30, tukakubaliana awe na lita ya akiba chini ya kiti, na ikaendelea na kazi.

Marekani tangu mwaka 2000 Valvoline wanauza oili maalumu ya magari yaliyotembea zaidi ya maili 75,000, yaani kama kilomita 120,000, yenye kemikali za kulainisha na kuvimbisha kidogo mipira iliyokauka. Inasaidia uvujaji mdogo na sili zilizoanza kukakamaa. Ringi iliyolika haiisaidii. Na kwa hesabu hiyo magari mengi ya kwetu ni vikongwe siku yanapotoka bandarini, kabla hata hayajafika Chalinze. Kwa bei yake huku, mteja wangu anapata oili ya kawaida ya kuongeza kwa miezi, nami namshauri achukue hiyo, ilimradi iwe oili kweli. Mtaani kuna madumu ya jina kubwa yaliyojazwa oili chafu iliyochujwa. Nanunua kwa wakala, navunja lakiri mbele ya mteja, na dumu likiisha nalitoboa kwa bisibisi lisije likajazwa tena. Oili chafu yenyewe wanakuja kuichukua wenye mashamba, wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa.

Jambo moja limebadilika kwa uzuri bila kelele. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, na salfa ikiungua inazaa asidi ambayo oili inabidi iimeze. Ndiyo maana tulimwaga kila kilomita 5,000 bila mjadala. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha kiwango hadi sehemu 50 kwa milioni. Mimi bado namwaga kwa 5,000 kwenye gari linalokula oili, kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu gari la namna hiyo linachafua oili kwa masizi haraka. Ila naelewa anayekwenda mbali zaidi kidogo.

Kisha ikaja 2020, wageni wakakatika. Land Cruiser zikakaa chini ya miti Karatu nzima, nyingine zikiota nyasi. Filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa 2022 na wageni kurudi kwa wingi, wenye magari waliyavuta yote kwa mara moja, nami nikaona buluu kuliko mwaka wowote. Ringi zilikuwa zimegandia kwenye pistoni, silinda zina kutu nyembamba, panya wamelala kwenye nyumba za filta. Kwa hao niliweka oili ya dizeli ya daraja la CI-4, yenye sabuni nyingi ya kusafisha, nikaimwaga mapema sana pamoja na filta yake, kwani uchafu wa miaka ukianza kung'oka filta ndiyo inayokabwa. Baadhi ziliachia ringi zikapona karibu kabisa.

Moja haikupona. Ilikuwa Land Cruiser HZJ75 ya mzee wa Oldeani, gari lililokwisha kupita kwa wamiliki watatu. Daftari lilionyesha lita moja inaisha kabla ya kilomita 400. Mzee alitaka hamsini. Nilimwonyesha hesabu ya oili ya msimu mmoja, nikaiweka kando ya gharama ya ovahoo, akanyamaza, akaenda kuuza ng'ombe. Tulipeleka bloku Arusha, silinda zikachongwa, tukavisha pistoni za saizi ya juu na ringi mpya, na safari hii mpira wa hewa nilinunua mpya na kuufunga mwenyewe. Oili ya kwanza ilikuwa 15W-40 ya kawaida, si ya sinthetiki, maana ringi mpya zinahitaji kukaa kwenye silinda na utelezi ukizidi hazikai. Mzee alitaka tuliache linguruma uwanjani siku nzima ili “lizoee.” Nilikataa. Injini ya dizeli ikizoeshwa bila mzigo, silinda zinang'aa kama kioo na ringi hazishiki tena. Tulipakia magunia ya mahindi kutoka Mbulumbulu, mzee akakaa mbele na fimbo yake, nikapanda nalo taratibu, bila kulibana sana na bila kulibembeleza, na tulipofika sokoni Karatu vijana walianza kushusha magunia kabla sijazima injini.