Siasa Katika Sinema: Niliyochelewa Kuyasikia

Walimu wenzangu, wanafunzi wa madarasa ya juu huniuliza mara kwa mara: je, filamu zipendwazo na watu wengi hubeba siasa iliyofichwa? Aghalabu hulijibu wenyewe kabla sijafungua kinywa. Wako wasemao kwamba kila filamu ni mtego uliotegwa na wakubwa. Na wako wasemao kwamba filamu ni mchezo tu, haina kazi ila kuburudisha. Mimi sikubaliani na upande wowote. Sababu zangu nilizipata katika filamu moja niliyoitazama utotoni, na katika kosa moja nililolitenda nikiwa mtu mzima.

Filamu yenyewe ni "Awaara", iliyotolewa nchini Uhindi mwaka 1951 na Raj Kapoor, ambaye ndiye pia mchezaji wake mkuu. Mimi niliiona mjini Jinja katika miaka ya 1960, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Kihindi hatukukijua, lakini palikuwa na maneno yaliyotugonga masikioni kama jamaa waliopotea zamani: dunia, kitabu, wakili. Mengine tulifasiriwa na kijana mmoja aliyefanya kazi dukani kwa Mhindi. Aliketi nyuma yetu akinong'ona, na ujira wake ulikuwa karanga. Ndiye aliyetuambia kwamba maana ya jina la filamu ni mzururaji.

Kisa ni hiki. Hakimu Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimtia hatiani Jagga, asiyekuwa na kosa, kwa kuwa tu baba yake alikuwa mhalifu. Jagga akageuka jambazi wa kweli. Akamteka mke wa hakimu, kisha akamwachilia. Hakimu naye akamshuku mkewe, akamfukuza akiwa mjamzito. Mtoto wao, Raj, akakulia katika umaskini mjini Bombay. Alifukuzwa shuleni kwa kuwa alifanya kazi huku akisoma, na wizi wake wa kwanza ulikuwa wa kumtafutia chakula mama yake mgonjwa. Aliyemfunza wizi ni yule yule Jagga. Hivyo damu ya hakimu ikatoa mwizi, na mwishowe mwana akasimama kizimbani, baba yake akihojiwa kama shahidi.

Siasa iko wapi hapo? Uhindi ilipata uhuru mwaka 1947, na katiba yake, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilipiga marufuku desturi ya kumhesabu mtu kuwa najisi kwa sababu ya kuzaliwa kwake. "Awaara" ilitoka mwaka uliofuata. Mmoja wa watunzi wa kisa chake, Khwaja Ahmad Abbas, alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, aliyeshiriki katika chama cha tamthilia ya umma kilichoundwa mwaka 1943. Katika filamu hakuna waziri anayehutubu wala chama kinachotajwa. Lakini swali la katiba na swali la filamu ni moja: je, mtu ahukumiwe kwa nasaba yake?

Isitoshe, mtazamaji wa Kihindu alipomwona mke mjamzito akifukuzwa, hakukosa kumkumbuka Sita, aliyefukuzwa na mumewe Rama kwa maneno ya watu. Sisi watoto wa Jinja hatukumjua Sita. Sehemu hiyo ilifichwa kwetu na ujinga wetu, si na Raj Kapoor.

Nyimbo zake tuliziimba mpaka koo zikakauka. Kisha, mwezi Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku tisini waondoke Uganda. Wengi walioondoka walikuwa wamezaliwa papo hapo. Nilisimama kando ya barabara nikatazama mizigo ikipakiwa, wala sikusema neno. Hukumu ile ilikuwa ya nasaba tupu, nami niliyekuwa nimemlilia Raj sikuona kwamba mambo hayo mawili yalihusiana.

Kosa langu mwenyewe lilikuja baadaye, katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu. Fedha za mtihani za darasa zilipotea. Darasani mlikuwa na mvulana ambaye baba yake alikuwa kifungoni kwa wizi. Walimu tulikutana, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, ndiye niliyetoa methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Wenzangu wakacheka, shauri likakatika, na mtoto akafukuzwa. Mwishoni mwa muhula fedha zilionekana ndani ya daftari la mahudhurio, lililokuwa limeanguka nyuma ya kabati. Tukapeleka habari kwa mama yake, tukaambiwa wamehama. Sikumwona tena kijana yule hata leo.

Miezi michache baada ya hapo, nikiwa ndani ya basi, nilisikia wimbo wa "Awaara" ukitoka katika redio ya dereva. Nilianza kuufuatisha kwa mdomo, kisha nikanyamaza. Nilitambua kwamba miaka yote hiyo nilijidhania kuwa upande wa Raj, kumbe nimeketi katika kiti cha hakimu.

Basi, je, ujumbe ulifichwa? La hasha. Ulitangazwa waziwazi mahakamani, mbele ya macho yetu. Kilichoufunika ni utamu wa nyimbo na uvivu wetu wa kuuliza.

Hata hivyo, nilipoitazama tena filamu hiyo uzeeni niliona jambo jingine. Raj, aliyetetewa kwa machozi, ni mtoto wa hakimu. Aaminiye damu aweza kutoka sinema akijifariji kwamba damu njema imejidhihirisha. Na Jagga, ambaye ndiye wa kwanza kudhulumiwa, anauawa bila wakili wa kumtetea wala mtu wa kumlilia. Naamini siasa iliyofichika zaidi katika filamu ni hiyo ambayo huenda watengenezaji wenyewe hawakuitambua.

Kwa hiyo, wanafunzi wanaponiuliza swali lao, siwaambii waiogope sinema. Nawaambia waende, wacheke na waimbe. Lakini wakirudi wajiulize maswali matatu. Nani amehukumiwa, na nani amepewa haki ya kuhukumu? Ni jambo gani kisa kimelichukua kuwa kweli pasipo kulithibitisha? Na ni nani aliyeumia bila sisi kumsikitikia? Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa, na yanaifaa methali kama yanavyoifaa filamu.

Tangu siku ile ya basi, siifundishi methali ya nyoka peke yake. Huiandika ubaoni, na chini yake naandika: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kisha nawaachia wanafunzi wabishane, nami naketi nyuma ya darasa nikisikiliza.