Kidonda Kisichotakiwa Kuziba

Katika ibada zetu tumezoea kuwaombea wagonjwa vidonda vyao vifunge upesi. Kwa mzee mmoja wa usharika wetu, muuza maji ya miwa pale Forodhani, tulijifunza kuomba vingine.

Alikuwa na presha ya macho, yaani glakoma. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, shinikizo hupanda, na mshipa wa fahamu wa jicho hufa kidogo kidogo bila maumivu. Uoni uliopotea haurudi; tiba hulinda uliobaki. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Tuliombea la kulia.

Upasuaji wake ni ule uliotangazwa na daktari J. E. Cairns mwaka 1968: hufunguliwa njia ndogo, maji yakatokea chini ya utando wa nje wa jicho. Adui wa njia hiyo ni kovu. Mwili hufanya kazi aliyoupa Muumba, hukimbilia kuziba; na kwetu Waafrika kovu huota kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo jeraha huwekewa dawa ya mitomaisini ili kovu lisiote haraka, kisha hufuata matone kwa wiki nyingi na kurudi kliniki mara kwa mara. Dawa ikizidi nayo ni hatari, utando huwa mwembamba na jicho huweza kuvuja.

Wiki ya pili mzee alitaka kurudi kazini. "Mchungaji, jicho haliumi tena. Wajukuu watakula nini?" Daktari alikuwa amemkataza kuinama, kuinua vizito na kusugua jicho. Maneno yetu yasingemlisha mtu. Vijana wakapangana zamu kwenye mashine ya miwa kila jioni, na jirani yake Mwislamu akawa anamtia matone kila amalizapo kuswali. Hadi leo mzee anahesabu chenji mwenyewe.

Wapendwa, Bwana alifufuka akiwa na alama za misumari, na Tomaso akazitambua. Sisi huharakisha kuziba. Tunasema "nimesamehe" kabla ya kuzungumza na ndugu yetu, na shinikizo hubaki ndani, likiua kimya kimya. Kupona kwingine huhitaji njia iachwe wazi, na watu wa kuilinda.

Kama umevuka miaka 40, au mzazi au ndugu yako ana ugonjwa huu, nenda ukapimwe macho. Ukiogopa kwenda peke yako, tuambie, tutakusindikiza.